Karteri Iliyokaangaka Sambaza

Ninyi batoto ya garaje hapa Mubi, nimewasikia. Juzi mulisimama pale ku kona, mukaangalia moteri ya muntu, na mumoja wenu akasema bila hata kuinama: "Hii imekufa. Atupe, atafute ingine." Kiisha mukarudi mu telefone zenu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mulango yangu, magoti imefungwa kitambaa, na roho yangu ikachemka. Nilitaka kusimama niwafuate na kle mukononi, ile spana yangu nene. Magoti ikanishinda. Sasa nawaandikia, juu ya sababu mukono ingali na nguvu na hasira iko ya kutosha.

Nitaandika vile ninasemaka. Kama kuko mwalimu anataka kusahihisha Kiswahili yangu, aje kwanza alale chini ya Land Rover, mafuta ya moto imudondokee mu sikio, kiisha aniambie vile yeye angesema.

Mimi njo Mama Sifa. Muhunde ya Masisi, mekanisie, fundi ya magari. Kazi nilifundishwa na Papa Hangi, mu garaje yake kule Masisi, toli chache, ni kusema mabati, juu ya miti na matope mupaka ku mulango. Nilikuwa musichana, nilikuwa napita pale kupeleka maziwa ya nyumbani. Siku moja nikamukuta amelala chini ya gari, anatukana buloni moja, bolti yenye ilikuwa imejificha nyuma ya pompi. Mukono yake ilikuwa nene, haikuingia. Akaniangalia mikono. "Weye mutoto, weka maziwa chini." Mukono yangu ikaingia, buloni ikatoka, na maziwa ikachachia pale pale ku jua. Mama yangu alinichapa. Kesho yake nikarudi.

Banaume balikuja kumusema. "Hangi, unawekaje mutoto mwanamuke chini ya gari?" Yeye hata hakugeuka. "Gari haijaniuliza," akajibu.

Neno ya kwanza alinifundisha ni kataa. Musiruke hapa, juu mambo yote inakuja inatokea mu ile neno. Mbele ya shofere, ku Land Rover ya zamani, kuko kataa kamoja kekundu, ni kusema taa kadogo. Ukizungusha ufunguo kanawaka. Moteri ikiwaka na mafuta ikipanda vizuri, kanazimika. Lakini kakiwaka mu njia, moteri ikiwa inazunguka, ni kusema mafuta haifike tena, na pale ndani chuma inaanza kula chuma. Papa Hangi alikuwa anatuambia kila asubui: "Kataa kakiwaka, na weye kataa! Bakikuambia endesha kidogo, kataa. Bakikuambia tunakaribia kufika, kataa. Hata kama ni bibi-arusi iko nyuma, kataa."

Kulikuwa shofere moja, kataa kake kalikuwa kanawaka kila siku na kanamusumbua macho. Unajua alifanya nini? Alichukua picha kadogo ya mutakatifu, akakabandika juu yake. Akasema sasa mutakatifu njo anaangalia moteri. Moteri ikashikana mu mupando, ikatoa sauti ya mbuzi anachinjwa, na gari ikarudi nyuma mupaka mu shamba ya maharagi. Akamuletea Papa Hangi ile gari huku analia. Muzee akabandua ile picha pole pole, akaipanguza. "Pole, mutakatifu," akasema, "huyu muntu alikufunika macho, weye na yeye mwenyewe." Hakumusema neno ingine. Tulicheka mupaka tukakaa chini, lakini nilipofungua ile moteri nikaacha kucheka. Ilikuwa imekuwa kitu kimoja, kama sabuni yenye imeyeyuka na kukauka.

Sasa karteri. Karteri ni ile bakuli ya chuma chini ya moteri, mafuta inalalaka mule. Haizunguke, haitoe sauti, haina hata kitu kimoja ya kuonyesha muntu. Njo maana munaizarau. Lakini mu barabara yetu hii, kati ya Masisi na Walikale, ni yeye njo wa kwanza kukutana na jiwe.

Mama Kavira munamujua, ile duka yenye mulango ya buluu. Ni Munande, alitoka upande ya Butembo na bwana yake, bakafungua duka hapa: chumvi, sabuni, bikwembe ya kuvaa, misumari. Bwana yake alikuwa na Land Rover ya kijani, ya zamani sana. Alikuwa anapeleka bitu ku Buleusa, anarudisha mihogo na mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Alimufundisha muke yake kuendesha, na mimi nikamufundisha kataa. Kiisha bwana akagonjwa, akakufa. Gari njo ikabaki inasomesha batoto. Duka ya hapa bila gari ni kibanda ya kuuza chumvi kwa majirani tu.

Matanga ilikuwa haijatolewa bado wakati ile jiwe ilimupata. Alikuwa anatoka Buleusa, anaendesha yeye mwenyewe, mikono ku volani, gari imejaa mihogo na bamama juu ya mihogo. Akasikia chini gbaa! Akaangalia mbele yake: kataa kekundu, kanawaka. Palepale akazima moteri katikati ya njia, akatoa ufunguo, akaiweka mu blouse, akakunja mikono.

Eh, batoto! Bamama balimutukana mu luga zote za Walikale. Mvua ilikuwa inakuja. Nyuma kulikuwa kamio kubwa ya mizigo, shofere yake akapiga honi mupaka honi ikakauka. "Sogeza tu kidogo, Mama, upite kilima!" Yeye: "Kataa kanawaka." "Lakini ni kilima tu!" Yeye: "Nimesema kataa kanawaka." Mwisho shofere ya kamio alichoka, akafunga kamba, akamuvuta mupaka Mubi. Kama angelegea akapanda ile kilima, moteri ingekufa, na mimi leo nisingekuwa na kitu ya kuwaambia.

Nikaingia chini kuangalia. Karteri ilikuwa imepasuka kama kinywa ya muntu anacheka. Musiniambie sabuni! Najua munapenda kupaka sabuni. Sabuni inazibaka tanki ya esansi, ni kusema petroli, njo kweli, esansi haiyeyushe sabuni. Lakini mafuta ya moteri iko moto, na sabuni mu moto inakuwa povu. Wala musiniambie kuunganisha na moto. Chuma yenyewe ilikuwa imekulwa na kutu, nikibonyeza na kidole inaingia. Ilitaka karteri ingine.

Wakati ningali chini, nikaona biatu inakuja, biatu safi, ya kuenda misa. Ilikuwa Paluku, shemeki yake Mama Kavira, mudogo ya marehemu. Nyuma yake bafundi ya sufuria. Munajua mwili ya Land Rover ni aluminiomu, na bale bafundi banaipendaka kupita hata sisi bamekanisie: banaikata, banaiyeyusha, banamimina sufuria. Paluku akagonga mulango ya gari na pete yake, ting, ting. "Hii itatoa sufuria ya maana," akasema. "Famili itagawana."

Mama Kavira akatoka mu duka. Alikuwa na kitenge ya matanga, macho imevimba. "Shemeki," akasema, "nitapika nini mu sufuria ya bwana yangu?" Kiisha akalia, akalia kabisa, mbele ya bantu. Nawaambia, ile kilio iliniingia. Nilitoka chini ya gari nikiwa mweusi kama chungu, nikamuambia Paluku: "Moteri iko mzima. Ni karteri tu."

"Karteri ya gari ya bakoloni utaitoa wapi, Mama Sifa? Utafukua kaburi gani?"

"Hata ya babu yako kama iko ndani yake," nikasema. Sikujuta, hata leo sijute.

Bakaenda kwa muzee ya famili, kaka mukubwa ya baba ya marehemu, mwenye kukatia bote maneno. Muzee akasikiliza pande zote, akasema hivi: siku ya kutoa matanga, famili itakusanyika ku lupango yake, mu kiwanja ya nyumba yake, kule juu. Kitu yenye itatembea itabaki kwa mujane juu ya batoto. Kitu yenye imekufa itagawanywa. Paluku akacheka. Alijua jumapili ya matanga ilikuwa karibu, na alijua barabara.

Mimi nikatuma neno kwa batoto ya moto, ni kusema ya pikipiki. Ile wakati habari ilikuwa inatembea ku pikipiki, kutoka kinywa mupaka kinywa: Mama Sifa anatafuta karteri ya Land Rover ya zamani, ile ya esansi. Jibu ikarudi mbio kuliko nilivyofikiri. Iko moja, Bweremana, ku mwambao ya ziwa. Lakini mutoto mwenye aliniletea neno alikuwa anacheka, hakutaka kuniambia kwa nini.

Nikapanda moto, nikapanda kamio, nikashuka, nikatembea, nikapanda ingine. Barabara ilikuwa imefunguka ile wiki, namushukuru Mungu. Nikafika Bweremana ku soko ya samaki, nikauliza. Bakanionyesha mama moja munene, Mama Zawadi, amekaa mbele ya moto. Na juu ya mafiga, Mungu wangu, karteri! Imejaa mafuta inachemka, na sambaza, vile visamaki vidogo ya ziwa, ndani yake inaruka.

Nikamusalimia, nikamueleza. Akaniangalia kama muntu mwenye amekuja kuomba jino yake.

"Hii? Hii njo inalishaka nyumba yangu. Angalia, mama. Huku iko na shimo: mafuta inakusanyika, sambaza inaiva. Huku iko juu: naisogeza, inachuruzika. Sufuria gani inafanyaka hivi?"

Ilikuwa kweli. Karteri ya ile gari iko ya kina nyuma, na mbele iko fupi ili ekseli ipite chini yake. Mwenye aliichora hakujua kama anachora kikaango. Nikamuambia nitamuletea sufuria mupya. "Kataa," akasema. Sufuria mbili? "Nimekataa, mama, usinichoshe, samaki inaungua." Yo! Nilikasirika, lakini nikamupenda. Mwanamuke mwenye anajua chombo yake, huwezi kumudanganya na kitu ya kung'aa.

Basi nikafanya kazi. Nikatafuta nusu ya pipa, nikaazima nyundo na tindo kwa fundi ya mitumbwi, nikakaa pale ku muchanga nikapiga. Nikaifanyia shimo upande moja, kitanda ya kuchuruzishia upande ingine, midomo nikaikunja isimukate mikono. Bamama ya sambaza bakanizunguka. Mumoja akasema: "Angalia huyu, anapiga toli kama mwanaume!" Nikamujibu: "Hapana, banaume njo banapigaka kama mimi." Bakapiga vigelegele. Mwisho nikatoboa tundu chini kabisa, nikaweka buloni ya kumwagia yenye ilikuwa mu mufuko yangu. Nikamuonyesha: mafuta ikizeeka, unafungua hapa, inatoka yote na takataka yake, njo sisi tunaitaka vidanji.

Mama Zawadi akafungua, akafunga, akafungua. Akaanza kucheka na mwili muzima. "Nafanya vidanji! Bamama, nafanya vidanji ya sambaza!" Akanipa karteri yangu, akanikaangia ya kula njiani.

Niliibeba ku mugongo, nimeifunga na kikwembe kama mutoto, juu ya pikipiki. Ku barrière, ile kizuizi ya barabara, balinzi bakatusimamisha. "Mama, fungua tuone mutoto." Nikafungua. Kijana moja akainama, akanusa, akarudi nyuma. "Huyu mutoto ananuka sambaza." Nikamuambia amezaliwa karibu na ziwa. Akatuachilia tupite.

Hapa njo munisikilize na masikio yote, juu kupata kitu si kuiweka. Ile karteri ilikuwa imekaa ku moto miaka, na moto inapinda chuma. Ile mudomo ya juu yenye inashikana na moteri ilikuwa inapanda na kushuka kama muto. Kwanza niliichemsha na majivu, nikaisugua, nikaichemsha tena. Harufu haikutoka, nikaiacha. Kiisha nikamuomba Mama Kavira kiyoo ya meza ya duka, ile anawekeaka bitambaa chini yake. Kiyoo iko sawa kila fasi, hata kama duka imepinda. Nikapaka makala na mafuta juu ya kiyoo, nikalaza karteri kifudifudi, nikaisukuma kidogo. Kule kulishika weusi kuko juu. Kule kulibaki safi kuko chini. Unaweka mbao, unapiga nyundo kidogo, unarudisha ku kiyoo. Unapiga, unarudisha. Mupaka weusi izunguke mudomo yote. Hakuna njia ya mukato.

Kati ya karteri na moteri kunakaa joint, ile karatasi nene ya kuziba mafuta isitoke. Leo muko na silikoni, munaiminya kama dawa ya meno, nyingine inakatika inaanguka ndani, inaenda kuziba chujio. Paluku mwenyewe alinipitia na shauri ya kutumia mupira ya ndani ya gurudumu: "Kata mu shambreri ya pikipiki. Kauchu inafungaka kila kitu." Sisi hapa tunafungaka maisha na kauchu, mihogo ku baiskeli, mulango ku ukuta, hata viatu. Ile siku alikuwa anataka kunisaidia ao anataka nishindwe, sijue. Lakini kauchu inakunywaka mafuta. Inavimba, inajikunja, inatoka nje kama ulimi. Nikakata karton ya biskuti, nikailaza mu mafuta mupaka ikashiba, nikaifunga ku karteri na uzi mwembamba isinitelezee.

Buloni munaanza na vidole, zote, mbele ya kushika kle. Kiisha munakaza ya katikati, munaenda ku pembe, huku na kule, kidogo kidogo. Ukiikaza moja mupaka mwisho wakati zingine zingali zinalala, upande ingine inafunguka. Ni kama famili. Kidole moja haiuwake chawa, na buloni moja haishikake karteri.

Asubui ya kutoa matanga nilikuwa tayari kufunga. Kengele ya misa ilikuwa imelia, bantu banapanda kwa muzee, Mama Kavira amevaa, anatembea mbele ya mulango anaenda na kurudi. Na mimi kitu ikanikwaruza moyo: mafiga. Miaka yote karteri ilikuwa inakaa juu ya majiwe. Kama majiwe ilisukuma chini yake kuingia ndani, chujio yenye pompi inanyweaka mafuta itagusa chini, itajiziba, na moteri itakufa na karteri imejaa mafuta.

"Mama Kavira," nikasema, "kuko bugali imebaki?"

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akaleta. Nikafinyanga kafungu ka bugali, nikakaweka chini ya karteri pale chujio inakaaka, nikapandisha karteri, nikakaza buloni chache, nikateremusha tena. Bugali itakuonyesha nafasi yenye iko. Wakati ile ile Paluku akapita na binamu zake, akaniona chini ya gari na bugali mukononi.

"Sasa munalisha gari!" Bakacheka sana. "Mboga iko wapi, Mama Sifa?"

Bugali yangu ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi. Chujio ilikuwa inagusa kabisa. Niliogopa, nasema wazi. Mama Kavira akasema na sauti ndogo: "Funga tu, batatusubiri mupaka wapi?" Nikamuambia kataa. Nikaichukua karteri, nikaiweka juu ya gunia ya muchanga, nikapiga ile chini toka ndani, pole pole, na mbao, nisitoboe. Nikaweka bugali ingine. Sasa ikarudi nene kama kidole. Pale njo nikafunga, nikamimina mafuta, nikapanda ndani na mikono michafu, Mama Kavira ku volani.

Akazungusha ufunguo. Kataa kakawaka. Moteri ikakohoa, ikashika. Kataa kangali kanawaka. Mafuta ilikuwa inatafuta njia yake mu pompi kavu, nilijua. Mama Kavira alikuwa ameweka vidole ku ufunguo, tayari kuzima. Nikahesabu mu moyo, nikasahau kuhesabu. Kataa kakatetemeka, kakazimika. Mama Kavira akapiga kichwa yake ku volani, akasema jina ya bwana yake.

Tukapanda. Katikati ya soko moteri ikapata moto, na ile harufu ikatoka. Haki ya Mungu, sambaza! Mubi yote ikanuka sambaza. Mbwa zikatufuata, bamama bakageuka bakauliza nani anakaanga. Tulipoingia mu lupango ya muzee, binamu moja alikuwa anaangalia nyuma ya nyumba kama chakula iko tayari.

Muzee akasimama na fimbo yake, akazunguka gari, akainama, akaona chini kukavu. "Imetembea," akasema. "Maneno yangu imeisha."

Paluku akasimama. "Ni kweli imetembea, Papa. Lakini sasa njo iko kitu ya faida. Kitu ya faida habaiachake mu mukono ya mwanamuke, kesho anaweza kuolewa. Alete ufunguo, famili itamulindia."

Bantu bakageukia muzee. Yeye akaangalia fimbo yake. Damu ikanipanda ku kichwa, nikafungua kinywa nimutukane Paluku na ukoo yake yote, Mama Kavira akanikanyaga muguu. Hakuwa ametoka mu gari. Moteri ilikuwa ingali inazunguka.

"Shemeki," akasema, "karibia. Kataa."

Paluku akakaribia, akaingiza kichwa ku dirisha, akaangalia. "Kataa gani? Kamezimika. Naona kamezimika."

"Kale ka gari kamezimika. Kangu njo kanawaka."

Akazima moteri. Akatoa ufunguo, akaiweka mu blouse, akakunja mikono. Vile vile alifanya mu njia ya Buleusa, na mvua inakuja, na kamio inapiga honi. Nikawaza: kama kamio haikumusogeza, Paluku ni nani? Paluku akasubiri. Binamu bakasubiri. Yeye akaangalia mbele kupitia kiyoo kama muntu mwenye iko na siku yote.

Mwisho muzee akapiga fimbo chini. "Muniletee chakula," akasema. "Harufu ya hii gari imenipa njaa." Na kwetu, muzee akiitisha chakula, kikao imeisha.

Ile Land Rover munaiona ninyi wenyewe, inapita hapa, batoto ya Mama Kavira njo banaendesha sasa. Siku ya jua kali ingali inanuka kidogo. Paluku anapandaka nyuma, juu ya magunia, na hakuna mwenye anamukatazaka. Mikono yangu imechoka, na magoti munaijua. Kwa hiyo musinipitie tena na ile neno yenu, imekufa, atupe. Mulale chini kwanza, muangalie. Na siku moja, ao mu gari, ao mu maisha, kataa kekundu kakiwaka mbele yenu na bote nyuma banapiga honi, mujue kazi yenu. Zima moteri, weka ufunguo mu mufuko, kunja mikono. Kataa.